Video za mtandaoni zinagoma kwenye TV na kwenye basi: tatizo ni fomati, flashi au mashine yenyewe?

#1 Ng'wanaKisesa
Mwangaluka wakuu. Kikundi cha ngoma kina chaneli yake YouTube, video za Bulabo, sikukuu ya ngoma ya Wasukuma, makundi ya Bagika wakishindana na Bagalu. Faili za kamera hazipo tena, zimebaki hizo za mtandaoni tu. Zinatakiwa ziwe kwenye flashi moja ichezwe sehemu tatu: TV bapa ya ukumbini Kisesa, skrini ya basi la kutoka Nyegezi, na deki ya DVD ya zamani yenye tundu la USB. Zimeshushwa kwa ubora wa juu kabisa. Zingine zimekuja na .webm, zingine .mp4. Simuni zote zinacheza.

TV haizioni kabisa zile za .webm. Zile za .mp4 inatoa sauti, picha giza. Basi halioni faili hata moja. Deki inaandika kwamba haisomi. Mbili zilibadilishwa kwenye tovuti moja ya kukonvati, nazo TV inazicheza, ila sauti inatangulia picha na ikifika dakika ya 20 ngoma inasikika kabla fimbo haijashuka. Chanzo ni nini hasa?

#2 MlangoMmoja
Badili jina tu, futa .webm andika .mp4. Sekunde tano kazi imekwisha.

#3 FundiKirumba
Hapana mkuu. MP4 ni tenga tu. Tenga hilohilo linaweza kubeba sangara au sato, na ukibadili maandishi ya nje samaki habadiliki. Ndani ya faili kuna mkondo wa picha na mkondo wa sauti, kila mmoja una kodeki yake, yaani njia iliyotumika kuubana. TV inaangalia kodeki.

Kabla ya kukonvati chochote fungua faili kwa VLC kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl+J, usome kodeki. Au weka MediaInfo, inaeleza zaidi. Halafu soma dalili:

Sauti ipo, picha hakuna: kodeki ya picha haijulikani kwa mashine hiyo, mara nyingi AV1, VP9 au HEVC.
Picha ipo, sauti hakuna: mara nyingi ni Opus, au DTS kwa faili za MKV.
Faili haionekani kwenye orodha: mkia wa jina haukubaliki, au flashi yenyewe haisomeki.

Ng'wanaKisesa ana dalili ya kwanza na ya tatu kwa pamoja, ndiyo maana jibu moja halitatosha.

#4 MlangoMmoja
Nakubali kuhusu kodeki, lakini usilitupe wazo lote. Zipo TV zinazochuja orodha kwa mkia wa jina peke yake. Zinaficha .webm, ila ukiiita .mkv zinafungua na kusoma kilichomo bila tatizo kama VP9 wanayo. TV nyingi za 4K zinayo. Kwa hiyo kubadili jina ni jaribio la bure kabla ya kukesha na kompyuta.

#5 FundiKirumba
Kama jaribio, sawa, na hapo .mkv ina mantiki kuliko .mp4, kwa sababu WebM imejengwa juu ya Matroska yenyewe. Lakini kwa basi na deki haisaidii kitu.

#6 JiweLaBismarck
Wote mmeruka hatua ya kwanza: faili zimetoka wapi. YouTube haitoi H.264 juu ya 1080p. Ukichagua "ubora wa juu kabisa" kwa video ya 1440p au 4K, unapewa VP9 au AV1, na sauti Opus. Hizo .mp4 zenye picha giza nina hakika karibu yote kwamba ni AV1 na sauti ya AAC. Ndiyo maana sauti inatoka.

Jambo la pili, muhimu zaidi. Chaneli ni ya kikundi, kwa hiyo hamna haja ya kushusha kwa programu za pembeni, ambazo masharti ya YouTube hayaziruhusu. Kwenye YouTube Studio mwenye chaneli anashusha video yake moja kwa moja ikiwa MP4, ila ubora unaishia 720p. Anayetaka alichokipandisha mwanzoni aende Google Takeout, huduma ya Google ya kushusha data zako, aondoe alama kwenye kila kitu abakize YouTube, ndani yake abakize video tu. Zinakuja kwa vifurushi vya zip. Chagua GB 2 kwa kila kifurushi, kimoja kikikatika njiani usianze vyote upya.

#7 DagaaWaNansio
Naongezea kwa #6: kiungo cha Takeout kina muda wake, kinaisha baada ya siku chache. Andaa intaneti ya uhakika kabla ya kuomba. Kwa bando la simu, video za kamera zitakumaliza.

#8 Ng'wanaKisesa
Asanteni. MediaInfo inasoma hivi. Zile .webm: VP9, 2560×1440, fremu 50 kwa sekunde, sauti Opus 48 kHz. Zile .mp4: AV1, 1920×1080, fremu 50, sauti AAC 44.1 kHz. JiweLaBismarck umepatia. Flashi ni ya GB 64, mfumo wake wa kupanga faili ni exFAT.

#9 SangaraMkavu
Basi hapo lazima kuenkodi upya, yaani kuibana video upya kwa kodeki nyingine, maana hakuna njia ya mkato kutoka AV1 kwenda H.264. Angekuwa na H.264 ndani ya MKV ningemwambia ahamishe kasha (lile tenga) tu kwa ffmpeg, programu ya kuandika amri: ffmpeg -i a.mkv -c copy a.mp4, dakika chache na ubora haupungui hata chembe. Angalizo: -c copy itakubali pia kuweka VP9 na Opus ndani ya MP4, haitalalamika, na TV itakataa vilevile. Watu wengi wanadhani wamekonvati kumbe wamehamisha tu.

Kwa TV na basi tumia hii:

ffmpeg -i ngoma.webm -vf "scale=1280:-2,fps=25" -c:v libx264 -preset medium -crf 21 -profile:v high -level 4.0 -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 160k -ar 48000 -ac 2 -movflags +faststart ngoma.mp4

-2 inalinda uwiano na kuhakikisha kimo kinagawanyika kwa mbili, maana H.264 ya kawaida hukataa namba witiri. yuv420p inaondoa rangi za biti 10 ambazo karibu mashine zote za H.264 haziwezi. Usiiache hata kama unadhani video ni ya kawaida. crf 21 ni ubora: namba ikishuka ubora na ukubwa vinapanda, na kila hatua 6 ukubwa hukaribia kuongezeka maradufu au kupungua nusu. Kawaida ya x264 ni 23.

#10 MkaziWaIgoma
Sangara, kote sawa ila hapo kwenye fps=25. Hii ni ngoma. Miguu, mabega, fimbo hewani. Ukitupa fremu 25 kati ya 50 unaua ulaini uliofanya mpiga picha achague 50. 720p kwa fremu 50 inahitaji level (kiwango cha mzigo ambao mashine inatakiwa kuubeba) 3.2 tu, kwa hiyo ndani ya 4.0 inaingia na nafasi inabaki. Kinachovuka ni 1080p kwa fremu 50, hiyo inataka 4.2, na hapo ndipo mashine za zamani zinapokwama. Ondoa fps=25 kabisa.

#11 SangaraMkavu
Kwa TV ya ukumbini nakuunga mkono. Kwa basi bado nasimamia 25. Visoma-USB vingi vya magari, hata vikiandikwa "HD", hupwaya ukivuka fremu 30.

#12 MkaziWaIgoma
Basi faili mbili. Lakini nakala ya kuhifadhi iwe ya 50.

#13 MamaPansiansi
Wasiopenda kuandika amri watumie HandBrake, ni ya bure. Ila kuna mtego: mpangilio wa "Fast 720p30" ukipewa video ya fremu 50 unaishusha mpaka 30, na 50 haigawanyiki vizuri kwa 30. Baadhi ya fremu zinarukwa, nyingine zinabaki, na mcheza ngoma anaonekana anashtukashtuka. Nenda sehemu ya video, weka fremu 25 au 50, chagua "Constant". Halafu weka alama kwenye "Web Optimized", kazi yake ni ileile ya faststart ya #9: kuweka faharasa ya faili mwanzoni.

Na hizo tovuti za kukonvati wakuu, achaneni nazo. Faili la GB 1 unalipandisha lote, kisha unashusha jingine, bando linaliwa mara mbili. Nyingi zina vitufe vya kupakua vya uongo. Ukiona "video" imeisha na .exe au .apk, futa hapohapo, usiifungue.

#14 Kamanga_Feri
Nashangaa hakuna aliyesimama kwenye flashi. GB 64 ya exFAT! Hilo ndilo jibu la basi, kodeki haihusiki. Mashine ikiweza kusoma flashi lakini isiweze kodeki, ingeonyesha majina kisha ikakataa kucheza. Hii haioni jina hata moja. Deki za magari na za DVD zinataka FAT32. Dirisha la kawaida la Windows halikupi FAT32 kwa flashi iliyozidi GB 32, tumia Rufus, au chukua flashi ya GB 16. FAT32 haibebi faili linalofika GB 4, kwa hiyo video ndefu zikate.

#15 FundiKirumba
Kamanga inawezekana, lakini kuna sababu nyingine yenye dalili ileile: jedwali la sehemu, yaani ramani ya flashi ilivyogawanywa. Flashi ikiwa GPT badala ya MBR, mashine ya zamani haioni kitu hata kama ndani ni FAT32 safi. Rufus inakuonyesha zote mbili, chagua MBR.

#16 MlangoMmoja
Na ya tatu: basi linaweza kuwa linaficha .webm kwa jina kama TV.

#17 Kamanga_Feri
Lingeficha .webm, si .mp4. Rudi #1, halioni hata moja.

#18 DagaaWaNansio
Angalieni pia kama flashi ni ya kweli. Zinazouzwa bei ya chini mno barabarani nyingine zinaandika GB 64 na ndani hazifiki hata 8. Kompyuta inakubali kunakili mpaka mwisho, kisha faili za mwisho zinakuwa zimeoza. H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux inaijaza yote na kuisoma tena. Inachukua muda mrefu, ila ndiyo njia inayokupa jibu.

#19 SangaraMkavu
Tusisahau deki ya DVD. Nyingi za zamani hazijui H.264 kabisa, zinajua MPEG-4 ya aina ya Xvid ndani ya AVI, sauti MP3, picha isizidi 720×576. Hivi:

ffmpeg -i ngoma.mp4 -vf "scale=640:360,fps=25" -c:v mpeg4 -vtag xvid -b:v 1200k -c:a libmp3lame -b:a 128k -ar 48000 ngoma.avi

Hesabu: 1200 na 128 ni 1328 kbps, zidisha sekunde 3600, gawa kwa 8, unapata kama MB 598 kwa saa. Majina ya faili yawe mafupi, herufi na namba tu.

#20 JiweLaBismarck
Sahihisho dogo kwa #19. Umeanzia ngoma.mp4, ile uliyoitengeneza #9. Kila kuenkodi kunapoteza kitu. Anzia .webm yenyewe, au bora zaidi faili la Takeout, kwa kila toleo. Kamwe usikonvati kilichokonvatiwa.

#21 SangaraMkavu
Kweli kabisa. Anzeni na chanzo.

#22 MkaziWaIgoma
Kuna jambo la video hizi hasa. Vumbi la uwanjani, umati unaotikisika, majani, na mawimbi ya ziwa yanayometa ni vitu vigumu kuliko vyote kubana, kwa sababu karibu kila pikseli inabadilika kila fremu. Ukitumia bitireti (wingi wa data kwa sekunde) moja kama 1200k, mtu akiongea kwenye maikrofoni atatoka safi, wachezaji wakiingia picha inageuka viraka. crf inatatua hilo kwa kuipa sehemu ngumu biti nyingi, lakini inaweza kupanda ghafla hadi kisoma-USB cha basi kikashindwa kufuata. Kwa hiyo ongeza kofia: -crf 21 -maxrate 5M -bufsize 10M. Unapata faida ya crf bila mpando wa hatari.

Na kama video za zamani zina mistari kama meno ya kitana pembeni ya mikono inayokwenda kasi, hiyo ni picha ya mistari iliyopishana ya kamera za zamani. Weka yadif kabla ya scale: -vf "yadif,scale=1280:-2". Ukitanguliza scale mistari inachanganyika na huiondoi tena.

#23 Nyakato_Bodaboda
Mimi nataka sauti tu kwa sabufa na redio ya pikipiki. Nichukue MP3 ya 320?

#24 MamaPansiansi
Kaka, sauti ya YouTube ya AAC ni kama kbps 128. Ukiifanya MP3 ya 320 unaongeza ukubwa tu, kilichopotea hakirudi. Kwa sabufa: ffmpeg -i ngoma.webm -vn -c:a libmp3lame -q:a 2 ngoma.mp3, inakuja wastani wa 190. Kwa simu usikonvati kabisa, toa AAC ilivyo kwenye .mp4: -vn -c:a copy ngoma.m4a. Redio nyingi za pikipiki zinasoma MP3 tu, m4a zitairuka.

Na kama nyimbo zinacheza kwa mpangilio usioeleweka, redio inafuata mpangilio wa kunakiliwa, haifuati alfabeti. Kuna fatsort ya kurekebisha, au futa zote unakili moja moja kwa utaratibu unaoutaka.

#25 Ng'wanaKisesa
Turudi kwenye sauti inayotangulia. Hakuna aliyeligusa.

#26 FundiKirumba
Kwanza pima. Angalia dakika ya 1, kisha dakika ya 20. Tofauti ikiwa ileile tangu mwanzo, ni kuchelewa kwa kudumu, na inatibika bila kuenkodi: ffmpeg -i a.mp4 -itsoffset 0.3 -i a.mp4 -map 0:v -map 1:a -c copy b.mp4. Hapo sauti inacheleweshwa sekunde 0.3. Tofauti ikikua kadiri video inavyokwenda, ni kasi ya fremu.

#27 MkaziWaIgoma
Inakua, ameandika ikifika dakika ya 20. Nadhani sehemu zilipigwa kwa simu. Simu hurekodi fremu zisizo na kasi moja, mwanga ukipungua inapunguza fremu. Tovuti ikadhani kasi ni moja. Dawa: kwenye ffmpeg mpya ongeza -fps_mode cfr (inalazimisha kasi moja), za zamani waliita -vsync cfr, pamoja na -r 50.

#28 JiweLaBismarck
Au tovuti imekadiria 30 kuwa 29.97, picha ikawa polepole kuliko sauti. Tofauti ni moja kwa elfu, dakika 20 ni sekunde 1200, kwa hiyo sekunde 1.2 nzima. Inalingana na anachoeleza vizuri sana.

#29 MkaziWaIgoma
Ila MediaInfo ya #8 inasema 50, si 30.

#30 JiweLaBismarck
Alisoma zile zinazogoma. Hizo mbili zilizopita kwenye tovuti hatujazisoma. Ng'wanaKisesa, zipitishe MediaInfo, tazama mstari wa "Frame rate mode" kwanza.

#31 SangaraMkavu
Mimi naishuku TV. TV dhaifu ikielemewa inabakiza fremu nyuma huku sauti inaendelea. Faili hilohilo licheze kwenye kompyuta. Likiwa sawa huko, msiguse faili.

#32 Kamanga_Feri
Jambo la umeme. Umeme ukikatika katikati ya kuenkodi, MP4 inakufa yote, kwa sababu faharasa yake huandikwa mwishoni. Utaona ujumbe "moov atom not found". Toa kwanza .mkv, hiyo ikikatika kilichoandikwa kinachezeka. Ikikamilika ndipo -c copy -movflags +faststart kwenda .mp4. Kwa kompyuta ya mezani isiyo na betri, fanya hivi kila mara.

#33 DagaaWaNansio
Na video za simu zilizosimama: alama ya kugeuza picha inaandikwa pembeni tu, mashine za zamani haziisomi, mtu analala ubavu. ffmpeg inageuza yenyewe ukienkodi, lakini ukitumia -c copy haigeuzi.

#34 MamaPansiansi
Kabla ya kuwekwa kwenye basi na ukumbini: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inagusa pia kucheza kazi mbele ya watu. Ngoma ni ya kikundi, vizuri, ila kama mhariri aliweka chini yake wimbo wa msanii mwingine, huo una mwenyewe. Wasilianeni na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mapema, au toeni toleo lenye sauti ya uwanjani peke yake.

#35 Ng'wanaKisesa
Ahsanteni sana. Taarifa: flashi ya GB 16, FAT32, MBR. Faili la 720p fremu 50, crf 21 bila kofia. TV inacheza picha na sauti. Deki inacheza AVI vizuri. Basi sasa linaona majina, linacheza, lakini wachezaji wakiingia uwanjani picha inakatikakatika, sauti inaendelea.

#36 SangaraMkavu
Fremu 50. Nilisema #11.

#37 MkaziWaIgoma
Wachezaji wakiingia, yaani vumbi likianza. Hiyo ni bitireti, hakuweka kofia ya #22. Ingekuwa fremu 50, ingekatika tangu salamu za mwanzo.

#38 Kamanga_Feri
Au flashi ni nzito kusoma.

#39 FundiKirumba
Usibadili vitu vitatu kwa mpigo, hutajua kilichoponya. Kata kipande cha dakika 2 palepale panapokatika: weka -ss 00:10:00 kabla ya -i na -t 120 baada yake, badilisha muda ulingane na sehemu yenyewe. Tengeneza vitatu kutoka .webm: A iwe fremu 50 na maxrate 5M, B iwe fremu 25 bila kofia, C iwe fremu 25 na maxrate 3M. Majina A.mp4, B.mp4, C.mp4, flashi hiyohiyo, basi hilohilo. Ikicheza A huku B inakatika, Igoma yuko sahihi. Ikicheza B huku A inakatika, ni Sangara. Zikikatika zote hadi C, nakili hizohizo kwenye flashi nyingine kabla ya kugusa amri.

#40 MkaziWaIgoma
Na ongeza D kama A, ila -preset iwe veryfast. Inatumia fremu chache za marejeo, mzigo kwa mashine unapungua.

#41 Ng'wanaKisesa
Sawa. Basi linarudi Nyegezi Alhamisi, vinne vyote vitakuwa tayari.